Kurekodi Sauti ya Filamu Fupi ya Enzi Zilizopita: Mwongozo Kamili kwa Wanafunzi

Filamu za wanafunzi zenye visa vya zamani hunifikia zikiwa zimeshapigwa, na ombi huwa lile lile: "Tusaidie kusafisha sauti." Picha huwa nzuri. Mavazi yameshonwa kwa uangalifu, taa ya mafuta inawaka mezani, mzee ameketi na barua mkononi. Halafu mzee anafungua kinywa. Nyuma yake friji linavuma, pikipiki inapanda kilima, na sauti yake inasikika kama ya mtu aliyetumbukia kwenye pipa.

Niseme mapema: usitegemee programu kuitoa vizuri pikipiki iliyopita juu ya neno. Programu hupunguza kwa urahisi mvumo usiobadilika, kama wa feni. Sauti inayopanda na kushuka juu ya maneno mara nyingi hung'ang'ania humo humo. Katika filamu ya kisasa mtazamaji angeisamehe pikipiki, kwani mitaani zipo. Katika filamu ya kihistoria inaivunja enzi nzima mliyohangaika kuijenga.

Kwa hiyo kazi yako ina pande mbili: kulinda ukimya siku ya kupiga picha, na kurekodi kwa makusudi zile sauti za kale ambazo hazipo tena pale mnapofanyia kazi.

## Vifaa vya kuandaa

- Mtu mmoja wa sauti asiye na kazi nyingine siku hiyo. Nimemweka wa kwanza kwa sababu ndiye anayekosekana mara nyingi zaidi. Msaidizi wa taa aliyepachikwa hedifoni si fundi sauti.
- Kinasa sauti chenye matundu ya waya za XLR, zile za maikrofoni za kitaalamu, na umeme wa volti 48 wa kulisha maikrofoni.
- Maikrofoni ya kuelekeza. Nje tumia ile ndefu ya shotigani. Ndani ya chumba kidogo, ya haipakadioidi, iliyo fupi na inayosikia zaidi kilicho mbele yake, hufanya vizuri zaidi, maana shotigani hubadilisha ladha ya sauti inayorudi kutoka ukutani.
- Bumu, yaani fimbo ndefu ya maikrofoni, pamoja na kishikio chenye mipira ya kumeza mtikisiko, sponji, na koti la manyoya la kuzuia upepo.
- Hedifoni za waya zinazofunika sikio lote. Za Bluetooth ziache nyumbani. Huchelewesha sauti, nawe utadhani midomo haiendani na maneno.
- Maikrofoni ndogo za nguoni, mbili zikipatikana.
- Mablanketi mazito, angalau matano, na kamba na vibanio vya kuyaning'inizia.
- Plasta ya kitambaa ya hospitali, vipande vya feliti (kitambaa kinene cha sufu iliyoshindiliwa), na chupa ya kunyunyizia maji. Utaona sababu mbele.
- Klapa (kibao kinachogongwa ili mhariri aoanishe sauti na picha), daftari, penseli, betri za akiba na kadi mbili za kumbukumbu.

Kama hamna kinasa sauti kabisa, chukueni simu ya pili, iwekeeni programu ya kurekodi faili za WAV (sauti isiyobanwa), na muifiche karibu na anayesema. Simu iliyo nusu mita kutoka kinywani huishinda maikrofoni ya kamera iliyo mita tatu.

## Hatua ya 1: Soma skripti kwa sikio

Usianze na vifaa, anza na karatasi. Pitia kila sini, yaani kila onyesho, na uorodheshe kila kitakachosikika.

Tuseme sini ya nne iko hivi: usiku, mjane anabishiwa hodi, anafungua komeo, anapokea barua, anaifungua, anasoma kwa kunong'ona, kisha anaichoma. Hapo kuna sauti sita: hodi, komeo, karatasi, mnong'ono, kiberiti na moto. Sasa jiulize: ipi lazima irekodiwe akiwa mbele ya kamera? Ni mnong'ono peke yake. Nyingine tano unaweza kuzirekodi kesho yake, moja moja, kwa utulivu.

Hesabu hiyo ndogo inabadilisha siku nzima. Sasa unaweza kumwambia muongozaji kwamba mwigizaji aimalize kuifungua karatasi ndipo aanze kusoma, badala ya kuichakacha juu ya maneno.

Pembeni andika orodha ya pili, ya sauti zisizotakiwa kusikika kamwe: zipu, velkro, swichi ya ukutani, soli za mpira zinazolia sakafuni, kitasa cha kisasa.

## Hatua ya 2: Kagua mahali ukiwa umefumba macho

Wapiga picha huenda kukagua mahali na kusifia kuta. Wewe nenda siku ile ile ya wiki na saa ile ile mtakayopiga. Keti dakika kumi, macho yamefumbwa, na andika kila unachosikia pamoja na saa yake. Pampu ya maji ya jirani, mtoto anayejifunza kinanda, ndege wanaopita juu, lori la taka.

Kisha piga kofi moja kali katikati ya chumba. Ukisikia mlio unaofuata nyuma ya kofi, kuta ni tupu na ngumu, na sauti za waigizaji zitarudi hivyo hivyo.

Nyumba nzuri ya kale iliyo kando ya barabara kuu ni ya kupigia picha zisizo na maneno. Pigeni pale mwigizaji akiingia na kutoka, mazungumzo mkayapige kwenye chumba tulivu kwingineko. Muongozaji atalalamika, lakini mwonyeshe daftari.

Umemaliza hatua hii ukiwa na ukurasa unaotaja kila kelele, saa yake, na jina la mtu anayeweza kuizima.

## Hatua ya 3: Keti na anayeshughulikia mavazi

Hapa ndipo filamu ya kihistoria inapotofautiana na nyingine zote, na ndipo wanafunzi wengi wanapoanguka bila kujua kwa nini.

Niliwahi kurekodi sini ya wapenzi wawili wakiagana. Gauni lilikuwa la polista inayong'aa, likijifanya hariri. Kwa jicho lilipendeza. Kwenye hedifoni, kila mwigizaji alipovuta pumzi ilikuwa kama mtu anakunja mfuko wa plastiki sikioni mwangu. Nilinyamaza, nikidhani tutarekebisha baadaye. Jioni yake tulirudia maneno yote ndani ya gari lililofungwa madirisha, waigizaji wamejifunika blanketi, wakijaribu kulia kwa mara ya pili machozi yakiwa yameshakauka.

Pamba na sufu hunyamaza. Polista, nailoni na kitambaa kilichotiwa wanga huchakacha. Kama vazi limeshashonwa, ongezeni bitana ya pamba kifuani na kwapani, mahali ambapo kitambaa hujisugua chenyewe. Velkro iliyofichwa mgongoni ing'olewe, zishonwe kulabu au vifungo.

Viatu navyo vina njia yake. Miguu isipoonekana kwenye fremu, bandika feliti chini ya soli. Hatua zitarekodiwa peke yake baadaye, kwa kiatu cha ngozi kwenye mbao. Mikufu na bangili zinazogongana zishikanishwe kwa vipande vya plasta upande usioonekana.

Karatasi kavu ni adui mkubwa wa maneno. Inyunyizie maji kidogo sana, isubiri ilegee, kisha mpe mwigizaji. Italala kimya mkononi kama kitambaa. Onyo: jaribu kwanza kwenye nakala, kwa sababu wino mwingine husambaa na barua yako ya karne iliyopita itageuka kuwa doa.

Mwisho wa kikao, mvalishe mwigizaji mavazi yote, atembee, aketi, ainame, ainue mikono. Sikiliza kwa hedifoni. Kitu kinacholia kwenye mazoezi kitalia siku ya kupiga.

## Hatua ya 4: Tayarisha chumba

Zima feni, kiyoyozi, na taa za mirija zinazovuma. Mvumo wa umeme hukaa kwenye hezi 50 au 60, kutegemea nchi, na marudio yake hupanda hadi kwenye sauti ya binadamu.

Zima friji pia. Na ukishalizima, weka funguo zako za gari au za nyumba ndani yake. Sitanii. Hutaweza kuondoka bila kulifungua, na ukilifungua utakumbuka kuliwasha. Mwenye nyumba ambaye nyama yake imeharibika hawakaribishi tena.

Saa ya ukutani inayoonekana kwenye picha isimamishwe. Mhariri atakata katikati ya sentensi, na mdundo wa tik-tak utaruka kama moyo mgonjwa. Rekodi saa hiyo peke yake dakika mbili, atatandika mdundo mmoja chini ya sini yote.

Ning'iniza mablanketi nyuma ya kamera na kwenye kuta zisizoonekana, mengine tandika sakafuni. Usiipe kisogo dari: kama iko chini na ni ya zege, blanketi moja juu ya eneo la waigizaji husaidia kuliko mawili ya pembeni. Mishumaa na taa za mafuta zikae mbali na mablanketi hayo, mtu mmoja awe na kazi ya kuziangalia, na chombo cha kuzimia moto kiwe karibu.

Piga kofi tena. Safari hii likatike papo hapo.

## Hatua ya 5: Panga kinasa sauti

Chagua vipimo hivi vya ubora wa sauti: kilohezi 48, biti 24, faili za WAV. Kila wimbo mmoja wa mono (rekodi ya maikrofoni moja) kwa mpangilio huo hula takriban megabaiti 8.6 kwa dakika, yaani kama 520 kwa saa, hivyo usibane matumizi ya kadi.

Zima marekebisho ya kiotomatiki ya kiwango. Mwigizaji akinyamaza, kinasa hudhani sauti imepungua na kuinua kelele za chumba; akisema tena, kinazishusha. Matokeo yake ni chumba kinachopumua.

Panga kiwango kwa kumwomba mwigizaji aseme mstari wake mkali kuliko yote, kwa nguvu atakayoitumia kweli. Si "moja, mbili, tatu." Vilele vifike karibu na desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) -12, mazungumzo ya kawaida yacheze karibu na -20. Sifuri ni ukuta. Sauti ikiugonga inapasuka, na haishoneki. Kinasa kikiruhusu, rekodi wimbo wa pili wa tahadhari ulioshushwa desibeli 10, kwa ajili ya yule mwigizaji anayepiga ukelele wa kweli kwenye teki tu, yaani kamera inapopiga kweli.

Vinasa vya biti 32 za floti, vinavyobeba sauti ndogo sana na kubwa sana kwa pamoja, hukuokoa na kosa la kiwango. Havikuokoi na umbali, upepo, wala maikrofoni yenyewe iliyozidiwa.

Kamera nayo iendelee kurekodi sauti yake mbovu, kwa ajili ya kulinganisha tu. Mkitumia simu kupiga picha, tafuteni programu inayofunga isibadilike idadi ya fremu (picha moja moja), 24 au 25 kwa sekunde. Simu nyingi huacha idadi hiyo ipande na kushuka zenyewe, na sauti inayoanza sawa na midomo huisha ikiwa imepotea.

## Hatua ya 6: Shika bumu

Umbali ndio kila kitu. Kila unapouongeza mara mbili, sauti inayotoka kinywani moja kwa moja hupungua desibeli 6, wakati mwangwi wa chumba unabaki karibu pale pale. Hapo ndipo lile pipa linapotokea. Kaa kati ya sentimita 40 na 60 kutoka kinywani.

Njia ya kawaida ni kutoka juu, ncha ikielekea kifuani. Teremsha bumu hadi mpiga picha aseme anaiona, kisha ipandishe upana wa kiganja. Hapo ndipo mpaka wako, na kila wakibadilisha lenzi uutafute upya.

Enzi za zamani zina mitego miwili yake. Wa kwanza ni kofia za ukingo mpana: maikrofoni iliyo juu husikia kofia, si mtu. Ingia kutoka chini, nje kidogo ya fremu, ukielekeza juu. Wa pili ni mwanga wa mshumaa au taa iliyowekwa chini, kwa sababu hutupa kivuli cha bumu ukutani kikubwa kama mwamba wa goli. Fanya mazoezi pamoja na mtu wa taa kabla waigizaji hawajaitwa.

Vua pete na saa. Shika fimbo juu ya kichwa, mikono karibu imenyooka, vidole vimelegea. Ukiikaba, kila mkwaruzo wa kidole utaingia kwenye rekodi. Jifunze mistari ya mazungumzo, ncha imfikie anayesema kabla hajaanza.

## Hatua ya 7: Maikrofoni za nguoni, zikihitajika tu

Kwangu mimi hizi ni za shoti pana, yaani picha inayoonyesha eneo kubwa, pale bumu haifiki. Chini ya tabaka tatu za nguo sauti hupoteza ung'avu wake, na konsonanti ndizo huenda kwanza.

Mahali pazuri ni ukingo wa ndani wa kofia, fundo la kitambaa cha shingoni, au chini ya nywele za wigi karibu na paji la uso. Kichwani umbali wa kinywa haubadiliki hata mtu akigeuka. Kwa kifuani, kunja vipande viwili vya plasta viwe pembetatu zenye gundi nje, uibane maikrofoni katikati, moja ishike ngozi na nyingine ishike nguo. Kisicho na nafasi ya kusogea hakisuguani.

Mwambie mwigizaji utakachofanya kabla ya kumgusa, na ikiwezekana ajiwekee mwenyewe kwa maelekezo yako. Teki ikiisha, zima njia yake kwenye hedifoni. Wasahaulifu wamesikia mengi chooni.

Njia ya tatu husahaulika: ficha maikrofoni kwenye mandhari. Nyuma ya kinara cha mshumaa, ndani ya kikapu, chini ya mkate. Kwa watu wawili waliokaa mezani hii mara nyingi huzishinda zote.

## Hatua ya 8: Teki yenyewe

Simu zote zizimwe, hata za wageni. Kisha mfuatano usiobadilika: "Kimya." "Sauti." Wewe unajibu "Inarekodi." "Kamera." Klapa inasomwa namba ya sini, shoti na teki, inagongwa mara moja, mbele ya lenzi na karibu na maikrofoni. Subirini sekunde mbili ndipo muongozaji aruhusu. Mwishoni pia, hakuna kupumua kwa nguvu hadi "Kata" itamkwe na sekunde mbili zipite.

Klapa ikisahauliwa, igongeni mwisho wa teki ikiwa imepinduliwa, mhariri ajue.

Waigizaji wa nyuma, wa sokoni au karamuni, wafungue vinywa bila kutoa sauti. Gumzo lao linarekodiwa baadaye.

Ukiulizwa "Sauti vipi?", usijibu "Si mbaya." Sema neno lenyewe: "Ndege imefunika 'usirudi'." Muongozaji anaweza kuamua kitu kwa jibu hilo.

## Hatua ya 9: Kabla hamjang'oa kitu

Wakati watu wote, taa na mablanketi vingali mahali pake, rekodi sekunde 60 za chumba kikiwa kimya. Ndio udongo ambao mhariri ataziba nao nyufa kati ya teki. Ukiurekodi baada ya watu kutoka, chumba kitakuwa kingine.

Kisha mwite mwigizaji aseme tena, bila kamera, kila mstari uliofunikwa na kelele. Bumu ikae umbali ule ule, naye avae hali ile ile. Mara tatu kila mstari, papo hapo, mdundo ukingali kinywani.

## Hatua ya 10: Rekodi sauti za enzi

Sasa rudi kwenye orodha ya hatua ya 1. Sauti nyingi hazitoki kwenye kitu chenyewe. Vifuu viwili vya nazi kwenye mchanga au jiwe ni farasi. Karatasi ya selofani ikifinywa taratibu karibu na maikrofoni ni moto. Kijiti kilichochongwa, kikiburuzwa kwenye karatasi nene, ni kalamu ya unyoya. Mkanda mnene wa ngozi ukikunjwa ni tandiko. Upanga wa alumini wa mwigizaji hulia kama sufuria. Gonganisha vyuma vizito vya kweli badala yake.

Komeo tafuta la kweli. Sikio linajua mlango mzito wa mbao, nao hauigiziki kwa mlango mwepesi wa kisasa.

Kwa gumzo la sokoni, watu sita wanatosha. Wazungumze dakika mbili, wabadilishane nafasi na sauti, warudie mara tatu. Mhariri akizilaza pamoja una umati. Wape mada za enzi hiyo. Wakati mmoja, katikati ya karamu ya kifalme niliyokuwa nikiichanganya, mtu alisikika waziwazi akiomba chaja.

Rekodi kila sauti kwa karibu na pia kwa umbali wa kamera. Komeo la karibu mno kwenye shoti pana linasikika kama limebandikwa.

## Hatua ya 11: Hifadhi

Usiku huo huo, kabla ya kulala, nakili faili kwenye diski mbili tofauti na uzifungue zote mbili kusikiliza. Jina la faili lianze na sini, shoti, teki: S04_SH02_T03. Kwenye daftari andika teki iliyo safi, mstari uliofunikwa, na maikrofoni iliyotumika wimbo wa kwanza na wa pili. Kadi isifutwe hadi mhariri athibitishe kwamba anazo zote.

Oanisha angalau teki moja ndefu na picha yake usiku huo. Linganisha klapa mwanzoni, kisha nenda moja kwa moja kwenye sentensi ya mwisho utazame midomo. Ikiwa imepishana, bado mna kesho ya kurekebisha kamera.

Na kama umefika mlangoni ukitaka kuondoka na huzioni funguo zako, nenda kawashe friji.